Vyandarua Jukwaani

Shively, Louisville
Desemba 2014

Dada yangu mkubwa mpendwa, Yaya Sifa,

Goti lako linaendeleaje? Naanza na hilo kwa sababu mara ya mwisho tulipozungumza ulisema unapanda ngazi za kanisani kwa kushika ukuta, na tangu siku hiyo kila nikipanda ngazi nakuona. Na Mama je, anakula vizuri? Yule mtoto wa mwisho wa kaka amepona homa? Sisi huku tu wazima. Baba Nyota ana mafua ya baridi, si kitu cha kukutia wasiwasi, na Nyota amerefuka mpaka nguo zake za shule nimezishusha pindo na bado hazitoshi. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini sala ya jioni bado anaisali kwa lugha yetu. Tunamshukuru Mungu kwa hayo.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu, kila nikifika mahali pazuri pa hadithi, mtandao unakatika, wewe unabaki unasema alo, alo. Mama Byamungu wa kanisa letu anakwenda Bujumbura kwa msiba wa shemeji yake, kisha atavuka hadi Uvira. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na picha. Usiangalie picha kwanza. Soma hadi mwisho, ndipo uzifungue, vinginevyo hutaelewa ni kwa nini watu wazima wamevaa vyandarua.

Unajua kwamba niliacha kazi ya ghala. Nilikwambia kwa ufupi tu, kwa sababu niliogopa utanigombeza kama Baba Nyota alivyonigombeza. Sasa nikueleze vizuri.

Mwezi wa tisa, yule dada wa ofisi inayosaidia wakimbizi alinipigia simu akasema kuna kikundi cha baleti hapa mjini kinatafuta mtu wa kushona. Baleti, Yaya, ni ile densi ambayo wasichana wanasimama juu ya ncha za vidole vya miguu na wanaume wanawanyanyua juu kana kwamba hawana uzito. Wewe na mimi tuliwahi kuiona kwenye kalenda ya padri. Nilichukua blauzi niliyomshonea Nyota, nikaifunga kwenye mfuko, nikaenda. Mkuu wa chumba cha kushonea ni mama mmoja anaitwa Ruth, mrefu, nywele nyeupe, miwani anaiweka juu ya kichwa kisha anaitafuta mezani. Aliigeuza ile blauzi ndani nje, akaangalia mishono. Akanipa kipande cha neti na sindano, akaniambia nikivutie marinda kwa mkono. Nilipomaliza akaniuliza naweza kuanza lini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya muda, hadi maonyesho yao ya msimu yaishe. Maonyesho yalipangwa kufanyika katika miji mitatu: hapa Louisville, halafu Columbus, halafu Buffalo kule juu karibu na Kanada. Baba Nyota aliposikia aliweka kijiko chini kwanza, unamjua.

“Mama Nyota,” akasema, “ghala lipo kila siku ya Mungu. Hawa watu wakimaliza kucheza, wewe utafanya nini?”

“Sijui,” nikamwambia. “Lakini nimechoka kufunga maboksi ya viatu ambavyo sijawahi kuviona.”

Hakufurahi. Aliniruhusu kwa mdomo tu, moyo wake ukabaki nyuma. Na mimi nilikwenda na hofu hiyohiyo, kwamba nimeacha kilicho mkononi kwa ajili ya nguo za kuchezea.

Sasa sikiliza ni densi ya namna gani. Inahusu kikundi cha wachezaji katika mji mmoja wa Ulaya uliokuwa unapigwa mabomu wakati wa vita kuu ya pili. Kila jioni mabomu yakinyamaza, wanacheza. Wengine wanaitwa jeshini, wengine wanakufa, waliobaki wanacheza nafasi zao na za wale walioondoka. Ruth alitaka nguo zifanane na za wakati ule, wakati kitambaa kilipogawanywa kwa kadi za mgao na hariri yote ilikwenda kwa jeshi kutengeneza miamvuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo tulinunua neti mpya na hariri mpya, nzuri mno, halafu kazi yangu kwa majuma kadhaa ikawa kuzichakaza. Nilizichovya kwenye maji ya chai. Nilisugua viwiko kwa jiwe la kusugulia miguu. Nilitia viraka mahali ambapo hapakuwa na tundu. Yaya, nilikuwa nacheka peke yangu pale chumbani. Miaka yote ya vita tulihangaika kuifanya nguo kuukuu ionekane mpya, na sasa nalipwa kufanya kinyume chake.

Louisville ilikwenda vizuri. Columbus pia ilikwenda vizuri, lakini huko ndiko nilikoanza kuelewa mambo. Wachezaji walilala hotelini, mimi nilifikia kwa msichana mmoja Mtanzania, Rehema, mtu wa Tanga, Mwislamu, anayesoma shahada ya juu katika chuo kikubwa cha pale. Anakaa chumba kimoja karibu na chuo, juu ya duka la pizza, ngazi zote zinanuka jibini. Nilipewa namba yake na mtu wa kanisani. Nilidhani atanipa godoro tu, kumbe anasoma historia ya mavazi. Nilipomwambia nimekuja na nguo za baleti za wakati wa vita aliacha wali jikoni akakaa chini.

“Dada Mapendo, unanitania,” akasema. “Hicho ndicho ninachokiandikia.”

Akanifungulia kompyuta, akanionyesha picha. Wasichana wa baleti wamekaa sakafuni wanatia viraka viatu vyao vya kuchezea. Gauni la malkia limetengenezwa kwa pazia, na ukiangalia vizuri unaona mahali pete za pazia zilipokuwa. Koti la mwana wa mfalme ni koti la baba ya mtu. Akanieleza pia kwamba wakati huo ngozi ya viatu ilikuwa adimu, ikawa wanawake wa mjini wanavaa viatu laini vya baleti barabarani na ofisini, na mpaka leo ile fasheni haijaondoka. Akanyoosha mguu wake. Alikuwa amevaa hivyohivyo, vyeusi, vya bei ya sokoni.

Jioni ya onyesho Rehema alikuja. Ruth alikaa naye nyuma kabisa ya ukumbi. Watu walipiga makofi, wakavaa makoti yao, wakaenda. Ruth alipanda nyuma ya jukwaa akaanza kukusanya magauni, akalishika moja, akalinusa.

“Bado lina harufu ya dukani,” akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mama aliyepika mboga na chumvi haijakaa sawa. Rehema akamwambia ni mazuri. Ruth akajibu, “Ndiyo, ni mazuri. Hilo ndilo tatizo.”

Walipatana sana, wale wawili, mpaka Rehema akamwomba profesa wake ruhusa, akapanda basi nasi kwenda Buffalo.

Sisi wa basi tulitangulia siku moja. Lori la mizigo, lenye nguo zote na mapambo, lilibaki Columbus kupakia, lije nyuma yetu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Huku kuna theluji ambayo sijui nikuelezeje. Inatoka ziwani. Inaweza kuufunika upande mmoja wa mji mpaka juu ya milango, na upande wa pili watu wanatembea kwenye jua. Sisi tulikuwa upande wa jua. Mimi nilifikia mtaa wa Riverside, kaskazini, kwa Mama Zawadi. Unamkumbuka Mama Zawadi wa Fizi, tuliyepakana naye kambini Nyarugusu kabla wewe na Mama hamjarudi Uvira, yule mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtoni? Ndiye huyo. Anakaa nyumba ndogo ya mbao karibu na mto, anafanya kazi ya kuwatunza wazee. Asubuhi tulisimama kwenye kibaraza chake, tukaona kusini mwa mji wingu jeupe limesimama kama ukuta, haliendi mbele wala nyuma. Tukalishangaa, tukaingia ndani kunywa chai.

Simu ya Ruth ikaja nikiwa nashika kikombe. Barabara kuu imefungwa. Lori limekwama kwenye kituo cha mafuta, dereva ni mzima, ana chakula, lakini hakuna anayejua barabara itafunguliwa lini. Ilikuwa Alhamisi. Onyesho lilikuwa Jumamosi.

Nilikwenda ukumbini. Wachezaji walikuwa wamekaa jukwaani na nguo zao za mazoezi. Mwalimu wao, Bwana Alan, alikuwa anatembea huku na huku. Akasema afadhali kufuta onyesho kuliko kulicheza vibaya, na kama Buffalo itafutwa basi msimu umekwisha, kila mtu arudi kwake. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilisikia lile neno la Baba Nyota. Wakimaliza kucheza, wewe utafanya nini? Nilitoka nje kwenye korido nikampigia Mama Zawadi, na nikiri kwako kwamba nililia.

Alinisikiliza. Kisha akasema, “Bon, vema. Kama ni nguo tu, sioni cha kulilia. Mapendo, si una mikono? Hapa Riverside iko wamama wanajua kushona. Nguo za namna gani?”

“Za neti, Mama Zawadi. Neti nyepesi, nyingi, na huku mji wenyewe maduka yamefungwa nusu.”

Akauliza, “Neti kama ya mustikere, ya kuzuia mbu?”

Hapo, Yaya, nilikukumbuka wewe. Nilikukumbuka umepiga magoti sakafuni, mwaka ule ambao soko la Uvira lilikaa wazi kwa siku chache tu kila mwezi, unamshonea gauni la harusi binti wa katekista, kwa mapazia na chandarua. Watu wote walisema hajapata kutokea bibi harusi mzuri kama yule. Nikamwambia Mama Zawadi, “Ndiyo. Kama ya mustikere hasa.”

“Njo hivyo basi,” akasema. “Yangu iko mu kabati. Sikuitupaka.”

Kumbe hakuna aliyekitupa chandarua chake. Kila familia ilipotoka kambini ilikuja na chandarua chake kimekunjwa kwenye sanduku, kwa sababu hakuna aliyetuambia huku hakuna malaria, na hata tulipoambiwa hatukuamini. Mama Zawadi alipiga simu kwa wamama wa kanisa, nao wakawapigia wengine, na Warundi wa mtaa wa pili nao wakasikia. Ijumaa asubuhi niliingia kwenye ukumbi wa kanisa pale Riverside nikakuta meza ndefu imejaa. Vyandarua vyeupe, vya bluu, vya kijani. Mapazia. Mashuka. Kuna mama alileta vazi lake la ubatizo. Kuna mzee alileta makoti matatu ya baridi ambayo alipewa siku aliyofika, makubwa kuliko yeye, hajawahi kuyavaa. Na cherehani za kutosha kabisa, kila moja na mwenyewe ameikumbatia kama mtoto.

Nilikuwa nimemwita Ruth bila kumweleza sana, kwa sababu niliogopa atasema hapana. Aliingia na Rehema, akavua koti, akaenda moja kwa moja kwenye meza. Akainua chandarua kimoja cha bluu, akakiweka dhidi ya dirisha jua lipite ndani. Akakaa hivyo muda mrefu. Miwani yake ilikuwa juu ya kichwa na hakuitafuta.

“Mapendo,” akasema, “nani ana mkasi mzuri?”

Kazi ikaanza. Kwanza vyandarua vyote vilipelekwa kwenye londri ya barabarani vikafuliwe, maana vina dawa ya mbu na dawa hiyo haifai kwenye ngozi ya mtu anayetoka jasho. Ruth alichora vipimo kwenye magazeti, mimi nikakata, wamama wakashona. Rehema aliweka kompyuta yake juu ya piano, picha za wale wasichana wa zamani zikawa mbele yetu, na kila mara mtu aliinuka kwenda kuziangalia kwa karibu. Mama Zawadi aliziangalia zaidi ya wote.

“Hawa nao walikuwa na vita?” akauliza.

“Walikuwa nayo, mama,” Rehema akamjibu. “Na kitambaa hakikuwepo.”

“Sasa walifanyaje?”

“Kama mnavyofanya sasa.”

Mama Zawadi akarudi kwenye cherehani yake. “Bon. Hawakuwa wajinga.”

Palitokea ugomvi mmoja, wa urefu. Mchoro wa Ruth ulikuwa sketi ya kuishia juu ya goti. Mke wa mchungaji akaishika, akaipima kwenye mwili wake, akauliza kwa upole kama kweli mtoto wa watu atatoka hivi mbele ya wanaume. Wamama wote wakaacha kushona. Rehema alitafsiri, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Ruth hakucheka. Alifikiri, akasema ya kwanza aliifanya fupi kwa sababu hariri ilikuwa kidogo, lakini hapa neti imejaa, hakuna anayemlazimisha kubana. Akafuta mstari, akachora mwingine unaofika katikati ya muundi. Cherehani zikalia tena zote kwa pamoja.

Tabu kubwa zaidi ilikuwa kwamba chandarua ni kilegevu. Tulipomaliza sketi ya kwanza ikaning'inia kama nguo iliyonyeshewa. Ruth alikuwa na dawa yake ya kukazia, lakini ilikuwa ndani ya lori. Nikamuuliza kama amewahi kutumia wanga wa muhogo, ule uji mwepesi ambamo wewe ulikuwa unachovya marinda ya nguo za komunyo, Yaya, ukasimama nje unatuzuia tusiguse. Akasema muhogo hajui, lakini bibi yake alitumia viazi. Tukacheka wote wawili. Hakuna nyumba ya Mkongo isiyo na unga wa muhogo, kwa hiyo haikuchukua muda sufuria zikawa jikoni pale kanisani. Ruth mwenyewe alikoroga, mimi nikachuja, tukajaribu kipande kimoja kwanza, tukakipiga pasi. Kikasimama. Mpaka jioni ukumbi mzima ulikuwa na kamba zimefungwa ukuta hadi ukuta, na sketi za bluu na nyeupe zimetanda juu ya vichwa vyetu. Tukazifungia mlango, tukaenda kulala.

Jumamosi tulizipeleka ukumbini, wachezaji wakajaribu. Mchezaji mkuu ni msichana anaitwa Tess, mwembamba, mwenye mabega ya kufanya kazi. Yeye alipata gauni lililotoka kwenye chandarua cha Mama Zawadi. Mama Zawadi alikuwa amepiga magoti anamkazia kiunoni, Tess akauliza kimetoka wapi kitambaa hiki. Rehema akamtafsiria.

“Mwambie watoto wangu wane walilala ndani yake,” Mama Zawadi akasema, bila kuinua kichwa. “Kambini. Miaka mingi. Hakuna hata mumoja aliyekufa.”

Tess alisikia hayo akasimama wima, hakutikisika tena mpaka alipomaliza kufungwa.

Halafu, wakati watu wameanza kusimama mlangoni na tiketi zao, lori likafika. Dereva aliingia kwa mlango wa nyuma, ndevu zimejaa barafu, anasukuma kile chuma cha kutundikia nguo, na zile nguo zetu za kwanza zote ziko ndani ya mifuko ya plastiki, safi, hazina hata mkunjo. Bwana Alan alimkumbatia. Akapiga makofi mara moja, akawaambia wachezaji wabadilishe haraka.

Hakuna aliyesogea.

“Tutacheza na hizi,” Tess akasema.

Alan akamwambia anaelewa, ni jambo zuri sana walilofanya wamama, atawashukuru mbele ya watu. Lakini hizi ni za dharura. Kuna mahali Tess anarushwa na kudakwa kwa kiuno, na kama kitambaa kitapasuka mikononi mwa mdakaji ataanguka. Alikuwa na haki ya kuuliza. Ruth alikuwa amesimama katikati ya zile nguo alizozifikiria mwaka mzima na hizi za jana. Akanigeukia mimi.

“Mishono ya kiuno ni yako,” akasema. “Wewe unasemaje?”

Yaya, sijawahi kuongea na Bwana Alan zaidi ya kumsalimu. Kiingereza changu kikishikwa na hofu huwa kinakimbia. Siku ile hakikukimbia. Nikamwambia kiuno nimekishona mara mbili, na ndani yake nimeweka mkanda wa turubai niliokata kwenye begi la mzee mmoja, begi lililobeba mali ya familia yake yote kutoka Kongo hadi hapa. Nikamwambia, “Haitapasuka.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Akaniangalia, akamwangalia Ruth, akaangalia saa. “Haya,” akasema. “Chezeni.”

Watu wa kusini mwa mji hawakuweza kuja, theluji ilikuwa imewafungia majumbani. Viti vyao vikapewa watu wa Riverside. Kwa hiyo uwazie ukumbi ule: nusu ni Wamarekani na makoti yao meusi, nusu ni wamama wenye vitenge juu ya sweta na buti za theluji, watoto mapajani, wazee, Warundi, kwaya nzima. Rehema alikaa katikati yao, hijabu yake nzuri ya rangi ya maji ya bahari, awatafsirie maandishi ya kuieleza densi. Mimi nilisimama pembeni ya jukwaa na sindano yenye uzi tayari, kama mwenye kulinda.

Pazia likafunguka. Taa ilipopiga ile bluu, nilisikia watu wanavuta pumzi. Huko Louisville na Columbus nguo zilikuwa nzuri. Hizi zilikuwa hai. Zilishika mwanga kama moshi, zikageuka na mtu, zikachelewa kidogo nyuma yake, kisha zikamfuata. Vile viraka vilikuwa viraka vya kweli, vya matundu ya kweli. Na yale makoti makubwa ya yule mzee, juu ya wale vijana wanaoitwa vitani, yaliwafanya waonekane watoto.

Tess alipotoka kulikuwa kimya kabisa. Ndipo nikasikia sauti, na ukumbi mzima ukaisikia, ile sauti ya kuita watoto kutoka mtoni.

“Ile ni yangu.”

Watu wakacheka, Wazungu nao wakacheka bila kujua limesemwa nini, halafu makofi yakaanza huku bado anacheza. Nilimwona Tess anatabasamu, na nadhani hilo halikuwa kwenye mafunzo yake. Ikafika ile sehemu ya kurushwa. Nilikaza ile sindano mpaka ikanichoma. Akaruka, akaenda juu, mkono wa mdakaji ukamshika kiunoni, na neti yote ikafunguka juu ya kichwa cha yule kijana kama hema. Hakuna uzi uliosogea. Hata mmoja.

Walipomaliza ukumbi wote ulisimama. Ruth alinivuta kwa mkono, akashuka kwenye ngazi akawavuta na wengine, na Mama Zawadi akapanda jukwaani na kitenge chake na buti zake za theluji, akasimama kando ya Tess kana kwamba amezaliwa pale. Ni picha ya tatu hiyo. Anayelia ni Bwana Alan. Mimi ni yule anayeficha kidole chenye damu.

Tuliporudi Louisville Ruth aliniita akaniambia nafasi yangu si ya msimu tena. Mimi ni fundi wa kudumu wa kikundi, na wamama wawili wa Riverside watakuwa wanashona kazi za kikundi kutoka hukohuko. Rehema anaandika habari zetu kwenye kitabu chake cha shahada, na amesema jina lako litakuwemo kwa sababu ya ule wanga. Nilifika nyumbani nikamwonyesha Baba Nyota video kwenye simu. Aliangalia hadi mwisho, akairudisha, akaangalia tena, akaenda kazini. Juzi nikamsikia sebuleni anaongea na mwenzake wa ghala kwenye simu, kwa sauti kubwa. “Mke wangu? Hapana, yeye hayuko ghala. Mke wangu ni fundi wa baleti.”

Ruth pia aliniagiza niwaulize wamama kama wanataka kurudishiwa vyandarua vyao, maana ni mali yao na aliona jinsi walivyovitunza. Nilimpigia Mama Zawadi. Akafikiri kwa heshima yote.

“Hapana,” akasema. “Muviache vicheze tu. Huku hakuna mbu.”

Sasa fungua picha.

Mbusu Mama kwa niaba yangu na umsomee yote haya taratibu, pamoja na pale pa kulia, mwambie niko sawa. Msalimie kaka Bahati na mkewe, na watoto wao wote. Msalimie katekista na binti yake, na umwambie gauni lake la harusi limezaa magauni mengine huku Amerika. Salamu kwa wasichana unaowafundisha kushona, hasa yule anayekata kitambaa kabla ya kupima, mimi pia nilikuwa hivyo. Nyota anakusalimu, amechora moyo hapa pembeni. Shemeji yako Baba Nyota anasema umwombee mafua yapone.

Na mtu akikuuliza mdogo wako anafanya kazi gani huko aliko, usiseme anajitahidi tu. Mwambie anawavisha watu wanaoruka.

Wako asiyekusahau,
Mapendo